Kupanga Mzunguko wa Kwanza wa Kupoza Kompyuta ya Gemu kwa Maji, kwa Hali ya Hewa ya Mombasa

Maji hayatengenezi baridi. Kazi yake ni kulichukua joto la prosesa na kadi ya grafiki na kulipeleka kwenye rejeta, ambako feni hulisukumia hewani. Ndiyo maana maji ya mzunguko huu hayawezi kamwe kuwa baridi kuliko chumba chenyewe. Lishike hilo kabla ya kununua hata fitingi (kiungo cha mpira) moja, kwa sababu miongozo mingi imeandikiwa watu wanaokaa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Ukiinakili vilevile ukiwa Tudor au Majengo, kaskazi ikiingia utakuwa na feni zinazonguruma saa zote.

Maelezo haya ni ya mzunguko mmoja unaopoza prosesa na kadi kwa pamoja, kwa mipira laini, ndani ya kasha la ATX, yaani kipimo cha kawaida cha kompyuta ya mezani. Mabomba magumu yanayokunjwa kwa moto yanapendeza macho, lakini kwa mara ya kwanza hayakupi nafasi ya kurekebisha: ukikosea milimita tatu, bomba limekwenda.

Faida iko wapi hasa

Faida kubwa iko kwenye kadi. Ikiwa na bloku yake ya maji (kipande cha metali chenye mifereji ya maji kinachokaa juu ya chipu), kiini cha kadi hukaa takriban nyuzi 10 hadi 20 juu ya joto la maji hata ikiwa imebanwa na gemu nzito. Prosesa za kisasa ni habari nyingine: hukaa nyuzi 30 hadi 45 juu ya maji zikifanya kazi kwa nguvu zote, kwa kuwa joto lao hutoka kwenye kipande kidogo mno cha silikoni na kupenya kifuniko kinene cha chuma. Kama nia yako ni kupoza prosesa peke yake, kipoozaji kizuri cha hewa kitakutosha na fedha zitabaki mfukoni.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Joto lote linaishia chumbani mwako. Mashine inayokula wati 400 ni sawa na kuwasha hita ya wati 400, iwe inapozwa kwa maji au kwa upepo. Chumba kidogo kilichofungwa madirisha kitapanda joto saa baada ya saa, na maji yatapanda nacho. Panga njia ya kuitoa hewa hiyo, hata kama ni feni tu iliyoelekezwa dirishani, kabla hujafikiria rangi ya taa.

Pima chumba, kisha hesabu wati

Weka kipimajoto mezani pale kasha litakapokaa, uache mashine yako ya sasa icheze gemu kwa saa mbili, kisha usome. Pima alasiri, na kama unaweza, pima wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Ukipima Julai kusi likivuma, utapata tarakimu nzuri zitakazokudanganya. Kwa chumba kisicho na kiyoyozi, chukua nyuzi 32 kama msingi wako.

Sasa jumlisha wati. Mfano: kadi ya RTX 4070 Ti imepangiwa wati 285, na prosesa ya Ryzen 7 7800X3D wati 120. Ongeza wati 20 za pampu. Jumla ni 425.

Kipimo cha kufanyia kazi ni hiki: kila sehemu ya rejeta inayobeba feni moja ya milimita 120 hutoa takriban wati 100 maji yakiwa nyuzi 10 juu ya hewa, feni zikizunguka mara 1,200 hivi kwa dakika. Ni kadirio, lakini linatosha kupangia. Rejeta ya 360 ina sehemu tatu, ya 240 ina mbili. Zikiwa pamoja ni tano; wati 425 gawanya kwa tano ni 85 kwa kila sehemu, kwa hiyo maji yatakaa nyuzi 8 au 9 juu ya chumba. Chumba kikiwa nyuzi 32, maji ni 41. Hapo uko salama, na feni hazipigi kelele.

Ukiamua kubana matumizi kwa rejeta moja ya 360, kila sehemu itabeba wati 142, maji yatapanda nyuzi 14 juu ya chumba, na utafika 46. Alasiri yenye joto la ziada inakusogeza karibu na 50. Pampu aina ya D5 ina kikomo cha nyuzi 60, na mipira laini hulegea inapopata moto, kwa hiyo hapo ulinzi uliobakiwa nao ni mdogo. Yule mwenzako wa chumba cha nyuzi 21 angekuwa na maji ya nyuzi 35 kwa rejeta hiyohiyo moja, wala asingeelewa unalalamikia nini. Kwa Mombasa, rejeta ni mahali pabaya pa kubania fedha. Heri ununue tangi (la kuhifadhia maji ya mzunguko) la bei ndogo.

Chagua rejeta yenye unene wa milimita 30 na mapezi (vile vibati vyembamba ambamo hewa hupita) yasiyosongamana sana, yaani yapata 16 kwa inchi. Zile zenye mapezi 30 kwa inchi zinadai feni ziende kasi, na vumbi letu huziziba upesi.

Kasha: rula kabla ya pochi

Rejeta iitwayo 360 ina urefu halisi wa karibu milimita 400 kwa sababu ya masanduku yake ya pembeni. Unene wake wa milimita 30 pamoja na feni ya 25 ni 55. Pima juu ya kasha: kutoka dari hadi ukingo wa madabodi, na hadi ncha ya RAM. Pima mbele: kutoka uso wa kasha hadi mwisho wa kadi, kisha utoe 55. Ukishindwa kuingiza rejeta mbili bila kugusana na kitu, badilisha kasha sasa, maana ukishakata mipira utakuwa umechelewa.

Chora njia ya maji kwenye karatasi. Mpangilio wa vifaa hauna uzito ambao watu wanaupa. Maji yakizunguka lita 200 kwa saa na kubeba wati 425, tofauti kati ya sehemu yenye joto zaidi na yenye baridi zaidi haifiki hata nyuzi 2. Pitisha mipira kwa njia fupi isiyokunjamana. Sharti ni moja tu: tangi litangulie pampu, na liwe juu yake. Bearingi za pampu hulainishwa na maji yenyewe, na pampu ikizunguka kavu hata kwa muda mfupi inajiua.

Vya kununua

Kwa mfano wetu:

- rejeta moja ya 360 na moja ya 240, zote za shaba
- feni tano za milimita 120 zilizotengenezwa kwa ajili ya rejeta, zenye msukumo mkubwa wa hewa
- pampu ya D5 iliyoungana na tangi lake, lenye ujazo wa mililita 150 hadi 250
- bloku ya prosesa inayolingana na soketi yako
- bloku ya kadi
- mita tatu za mpira mweusi wa EPDM (aina ya raba), kipenyo cha ndani milimita 10 na cha nje 16
- fitingi za kubana 12 za 10/16, na fitingi za pembe za nyuzi 90 nne
- valvu ndogo ya kutolea maji, kiungo cha T, kiungo chenye uzi pande zote mbili, na plagi mbili
- kihisi cha joto la maji cha uzi wa G1/4
- plagi ya kuwashia pawasaplai bila madabodi
- pesti ya joto

Hesabu ya fitingi ni hii: vifaa vitano, kila kimoja na tundu la kuingilia na la kutokea, ni kumi, mbili ni za tawi la kutolea maji na akiba. Usikate hiyo akiba. Fitingi moja ikikosekana, utaketi na mashine iliyofumuliwa mezani hadi kifurushi kingine kivuke bahari.

Bloku ya kadi ndiyo inayowaponza wengi. Kadi mbili za jina moja kutoka kwa watengenezaji tofauti zina bodi tofauti, na wakati mwingine hata mtengenezaji mmoja hubadilisha bodi katikati. Soma namba kamili ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma ya kadi, uilinganishe na orodha ya mtengenezaji wa bloku herufi kwa herufi. Angalia pia masharti ya dhamana kabla ya kuifungua. Na itumie kwanza na feni zake za asili kwa wiki mbili, ili kama ina hitilafu ya kiwandani uirudishe ikiwa nzima.

Vingi kati ya vitu hivi utaviagiza kutoka nje. Agiza kwa mkupuo mmoja, uhesabu VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri. Vimiminika husumbua kusafirishwa kwa ndege, kwa hiyo agiza dawa nzito ya kuchanganya katika chupa ndogo, maji utayapata hapa.

Metali, na fitingi za hadwea

Ndani ya mzunguko kuwe na shaba, brasi na nikeli tu. Kipande kimoja cha alumini kikiguswa na maji yaleyale yanayogusa shaba, alumini italiwa na takataka zake zitaziba mifereji ya bloku, ambayo ni myembamba kama nywele. Rejeta za bei ya kutupa mara nyingi ni alumini. Maelezo ya bidhaa yakinyamaza kuhusu metali, usiinunue.

G1/4 ni uzi uleule wa bomba la robo inchi ambao mafundi wanauita BSP, na kwa hiyo utashawishika kukimbilia hadwea. Usifanye hivyo. Fitingi nyingi za hadwea zina uzi uliochongoka, unaobana kwa kutanua tundu, na tundu la akriliki hupasuka. Hata zile zilizonyooka zina uzi mrefu, ilhali matundu ya bloku na rejeta yameachiwa milimita 5 hivi. Ukizidi kukaza, ncha inagonga ukuta wa ndani. Tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo haina kazi hapa: kinachozuia maji ni oringi (pete ya raba ya fitingi), na nyuzinyuzi za tepu zikikatika huenda zikakwama kwenye bloku.

Kaza kwa vidole hadi oringi ibanwe, basi. Spana iache kwenye sanduku.

Maji yenyewe

Maji ya kisima ya mjini yana chumvi, na ya mkokoteni hujui yametoka wapi. Ya chupa ya kunywa nayo yana madini. Tumia maji ya distili, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya dawa. Ukiomba "maji ya betri" hakikisha umepewa maji safi ya kujazia; chupa ya asidi ya betri huitwa jina hilohilo na baadhi ya watu. Soma lebo.

Changanya maji hayo na dawa ya kuzuia kutu na ukungu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa. Mzunguko huu utachukua takriban lita moja. Mpira wa milimita 10 unabeba mililita 79 kwa kila mita, kwa hiyo uzito wa hesabu uko kwenye rejeta na tangi. Andaa lita mbili za mchanganyiko, na lita tano nyingine za distili tupu kwa ajili ya kusuuza.

Rangi nzito kama za maziwa huacha mashapo. Kulanti ya gari imetengenezewa injini, na rangi yake hutia madoa kila inapopita. Mchanganyiko ulio wazi usio na rangi ndio unaodumu, na ukibadilika sura utauona. Ukitaka rangi, ipate kwenye taa. Mpira wa plastiki unaong'aa nao ni mzuri wiki za kwanza, kisha kemikali inayoulainisha huanza kutoka, maji huwa na ukungu na bloku huota utando. EPDM nyeusi haina shida hiyo.

Dawa nyingi zina glaikoli, na ya ethilini ni sumu yenye ladha tamu. Weka chupa mbali na watoto, na futa kila tone lililomwagika sakafuni kabla paka hajalifikia.

Kuunganisha

Suuza rejeta kabla ya kitu kingine chochote. Rejeta mpya ina mabaki ya kulehemu na chembe za metali. Pasha distili hadi iwe moto wa kuvumilika mkononi, jaza nusu, ziba matundu, tikisa kwa dakika mbili, mimina kwenye bakuli jeupe. Rudia mpaka bakuli libaki safi. Anayeruka hatua hii huzikuta chembe hizo ndani ya bloku ya prosesa baada ya miezi michache, joto likiwa limepanda bila sababu ya kuonekana.

Kufunga feni kwenye rejeta kuna mtego: skrubu. Feni ya milimita 25 inahitaji skrubu ya milimita 30. Ukitumia ndefu zaidi, itapenya na kutoboa mfereji wa maji uliopo nyuma ya tundu. Ingiza ya kwanza kwa mkono, polepole, ukichungulia inaishia wapi.

Ondoa pesti ya zamani kwenye prosesa na kadi kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti hiyohiyo usiiguse kwenye tangi wala bloku za akriliki, huzipasua vijistari. Pedi za joto za kadi zikate kwa unene uleule uliotajwa kwenye karatasi ya bloku. Pedi ya milimita 1.5 mahali pa 1 itainua bloku isikae sawasawa kwenye kiini, na kadi itapata joto ajabu huku maji yakiwa ya baridi. Kaza skrubu kwa msalaba, robo zamu kila moja.

Bloku ya prosesa ina tundu maalumu la kuingilia. Fuata alama yake. Valvu ya kutolea maji ifunge sehemu ya chini kabisa.

Kata mpira ukiwa na sentimita moja ya ziada, kwa wembe mkali, mkato ulionyooka. Usukume hadi chini ya shina la fitingi ndipo ukaze nati yake. Mkato ulioenda upande ndio chanzo cha uvujaji mwingi wa siku ya kwanza.

Jaribu hewa kabla ya maji

Kama umepata pampu ndogo ya hewa yenye geji, jaza mzunguko hadi bar 0.5, usizidishe, na uache nusu saa. Sindano isiposhuka, endelea. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kipovu kitakuonyesha.

Kisha maji. Chomoa nyaya zote za umeme zinazokwenda kwenye madabodi na kadi, ubaki na ya pampu tu. Zima swichi ya pawasaplai, weka plagi ya kuwashia kwenye kiunganishi cha pini 24. Tandika tishu nyeupe chini ya kila fitingi. Jaza tangi, washa, na uzime kabla tangi halijakauka. Jaza tena, washa tena. Mara ya nne au ya tano maji yatakuwa yamezunguka yote. Hapo ulaze kasha upande mmoja, kisha mwingine, ukiinamisha pole pole ili mapovu yaliyojificha kwenye rejeta ya juu yarudi tangini.

Acha pampu peke yake ifanye kazi kwa saa 24. Usiamini lebo inayosema maji hayapitishi umeme: distili ikishagusa metali na vumbi hubeba ioni, na hapo inapitisha. Ikitokea tone limeanguka kwenye madabodi isiyo na umeme, kausha kabisa kwa siku mbili, na kifaa mara nyingi hupona. Bodi yenye umeme haikupi nafasi hiyo.

Feni zifuate maji

Usiziongoze feni kwa joto la prosesa, maana hupanda na kushuka kila sekunde, na feni zitapaza sauti kila ukifungua programu. Ziongoze kwa kihisi cha maji. Kwa chumba cha nyuzi 32 anza hivi: maji chini ya 36, kasi ya feni asilimia 40; yakifika 42, asilimia 65; yakifika 46, asilimia 100. Ratiba za nchi za baridi huanza kuongeza kasi maji yakiwa 30, na hapa maji yako ni zaidi ya 30 hata mashine ikiwa imelala. Pampu iache kwenye asilimia 60 au 70. Weka mashine izime yenyewe maji yakifika 55.

Stima ikipotea ghafla, pampu na prosesa huzima pamoja, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. UPS (betri ya akiba ya umeme) ni ya kulinda data na kuzuia mshtuko stima inaporudi.

Chumvi

Umande hautajikusanya kwenye mipira hii, kwa kuwa maji ni ya joto kuliko hewa daima. Adui wa pwani ni chumvi inayopeperushwa na upepo, hasa nyumba za Nyali, Kizingo na Bamburi zinazotazama bahari. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, vumbi la chumvi lililotua kwenye bodi huanza kuyeyuka lenyewe, na hilo hutokea usiku mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Usiliweke kasha mkabala na dirisha la baharini. Feni zinazoingiza hewa ziwe na vichujio na zizidi zinazotoa, ili hewa isijipenyeze kwenye nyufa. Osha vichujio kila wiki mbili, uvirudishe vikavu kabisa. Mapezi ya rejeta yapulize kwa blowa na brashi kavu kila mwezi, ukizishika feni zisizunguke.

Tazama kiwango cha tangi kila wiki katika mwezi wa kwanza. Kushuka kidogo ni mapovu yanayotoka, kushuka mfululizo ni uvujaji. Baada ya hapo, kila miezi sita chota maji kidogo kwenye glasi na uyatazame juani. Rangi ya kijani au utando ni dalili kuwa dawa imekwisha. Badilisha maji yote kila baada ya miezi 12, na usuuze kwa distili kabla ya kujaza mapya.

Mashine ikihamishwa, hata ikiwa ni kuvuka feri tu kwenda Likoni, toa maji kwanza kupitia ile valvu ya chini, funga matundu, na uweke kitegemeo cha kuishikilia kadi, kwa sababu bloku ya shaba ina uzito wa kutosha kuikunja soketi yake njiani.